Thessaloniki, bandari iliyopoteza bara lake

Ungefika Thessaloniki kwa meli mwaka 1900, siku ya Jumamosi, ungebaki nangani unautazama mji kwa mbali tu. Hakuna wa kukushushia mzigo. Mahamali wa bandarini, wenye matishari ya kubebea shehena, na wafanyabiashara wengi wa mjini walikuwa Wayahudi, na Jumamosi ni sabato, kwa hiyo bandari nzima inalala na wewe nahodha utasubiri upende usipende. Mji wenyewe ulikuwa chini ya Sultani wa Istanbul, lugha iliyosikika zaidi sokoni ilikuwa Kihispania cha kizamani (Wayahudi hao walikuja nacho mababu zao walipofukuzwa Hispania), mitaji mingi mikubwa ilikuwa imetoka Vienna, Paris na Brussels, na leo huu ndo mji wa pili kwa ukubwa Ugiriki. Sasa mtu akikwambia habari za "viwanda vya Ugiriki mwanzoni mwa karne ya 20" alafu akautaja Thessaloniki, muulize kwanza, Ugiriki ipi, na mwaka gani?

Watu wengi wanachanganya hapa na mimi mwenyewe nilichanganya muda mrefu. Nilikuwa naangalia hesabu ya watu inavyopanda, 157,889 mwaka 1913, karibu laki 2 na nusu mwaka 1928, nasema haya, mji umekua, biashara imenoga. Kumbe ni vitu viwili tofauti vimevaa kanzu moja. Kuna mji uliokua kabla ya 1912 kwa sababu nyuma yake kulikuwa na nchi kubwa isiyo na mpaka ndani yake, na kuna mji uliokua baada ya 1922 kwa sababu watu walimwagwa pale hawana pengine pa kwenda. Katikati yake kuna vita na kuna moto, tutafika.

Tuanze na bara, maana sisi tunalo neno lenyewe, pwani na bara, na mtu wa pwani yoyote anajua bandari isiyo na bara nyuma yake ni ufukwe wa kuvulia samaki tu. Thessaloniki iko kwenye pembe ya ghuba, na karibu yake mto Vardar (Wagiriki wanauita Axios) unaingia baharini ukitokea kaskazini, na bonde la mto huo linapanda mpaka Skopje na kuendelea kuelekea Serbia. Hilo bonde ndo njia ya asili ya kuingilia Balkani, yaani kona ya kusini mashariki ya Ulaya, misafara ya wanyama ilipita humo karne na karne kabla ya treni. Na mpaka mwaka 1912 eneo lote hilo, Skopje, Serres, Kosovo, Bitola ambayo zamani iliitwa Monastir, lote lilikuwa ndani ya Dola ya Ottoman, dola ya huyo Sultani wa Istanbul, kwa hiyo mkulima akiteremsha ngano au tumbaku, mchungaji akileta sufu na ngozi, anafika bandarini hajakutana na afisa wa mpakani hata mmoja.

Alafu ikaja reli. Ya kwanza ilianza kujengwa miaka ya mwanzo ya 1870 na kampuni ya Baron Maurice de Hirsch, ikapanda na bonde la Vardar mpaka Skopje na mbele yake Mitrovica, na mwaka 1888 ikaungana na reli ya Serbia, maana yake Thessaloniki na Vienna zikawa kwenye laini moja. Mwaka 1894 reli nyingine ikafika Monastir. Mwaka 1896 ya tatu ikaelekea mashariki kuunganisha mji na Istanbul. Reli tatu zinakutana kwenye mji mmoja wenye bahari, hapo hata asiyejua uchumi anaelewa kitakachotokea.

Ila hizi reli zilijengwa kwa mtindo wa ajabu kidogo. Serikali ya Sultani haikuwa na pesa, kwa hiyo reli za Monastir na Istanbul wawekezaji wa Ulaya waliwekewa dhamana ya kila kilomita: reli isipoingiza kiwango fulani kwa kila kilomita kwa mwaka, serikali inajazia pengo, na pesa ya kujazia inatolewa kwenye zaka ya mavuno ya wakulima wa wilaya ambazo reli inapita. Yaani mwenye kampuni halali njaa hata treni ikitembea tupu, mkulima ndo anamlipia. Hiyo ya kwenda Istanbul ikapitishwa ndani ndani, mbali na bahari, kwa sababu jeshi liliogopa mizinga ya manowari, basi ikawa na kona nyingi na ikaiacha miji kadhaa ya pwani pembeni, na wenye maneno yao wakasema hizo kona ni kilomita za bure za kudaia dhamana. Mimi nadhani sababu ya jeshi ilikuwa ya kweli, lakini siwalaumu waliosema.

Mji nao ukabadilika sura. Ukuta wa zamani wa upande wa bahari ulianza kubomolewa mwaka 1869, mawe na kifusi vikatumika kutengeneza barabara ya ufukweni. Ikaja gesi ya taa za barabarani, ikaja kampuni ya maji, mwaka 1893 tramu za kukokotwa na farasi, na mwaka 1908 tramu za umeme. Nyingi ya kampuni hizi zilikuwa za Wabelgiji. Gati ya kisasa walipewa Wafaransa mkataba wake mwaka 1896, na kazi ikaendelea mpaka miaka ya mwanzo ya 1900, kabla ya hapo meli kubwa ilikuwa inatia nanga nje na mizigo inaletwa kwa matishari. Meya wa miaka hiyo, Hamdi Bey, ndo aliyezisukuma sana hizi kampuni, na yeye alikuwa wa lile kundi linaloitwa dönme, Waislamu ambao mababu zao walikuwa Wayahudi waliosilimu mwishoni mwa karne ya 17 wakimfuata kiongozi wao Sabbatai Zevi. Liweke kundi hili kichwani, litarudi.

Viwanda sasa. Hapa ndo penye fundo ambalo makala nyingi zinaliruka. Kawaida tunafikiri kiwanda kinakuja kwanza alafu biashara inakifuata. Thessaloniki ilikuwa kinyume, biashara ilikuwepo tayari, na viwanda vilitoka kwenye mifuko ya wafanyabiashara wa nafaka, nyuzi na tumbaku waliokuwa wanaona kitu gani kinapita mikononi mwao kila siku. Na hawakuwa huru kutengeneza chochote. Kwa mikataba ya zamani na mataifa ya Ulaya, Dola ya Ottoman haikuruhusiwa kupandisha ushuru wa bidhaa za nje itakavyo: tangu miaka ya 1860 ulikuwa asilimia 8 tu, na ilibidi wabembelezane na Ulaya mpaka mwaka 1907 ndo ukafika asilimia 11. Kwa ushuru mdogo hivo utashindanaje na kitambaa kizuri cha Manchester? Hushindani. Kwa hiyo utaona viwanda vya Thessaloniki vyote ni vya vitu vizito, vya bei rahisi au vinavyoharibika njiani, ambavyo kuvisafirisha kutoka Ulaya kunakula faida: unga, matofali na vigae, bia, sabuni, nyuzi nene za pamba za wafumaji wa vijijini. Mtu asikudanganye kwamba wenye mitaji walikosa akili ya kutengeneza vitu vya maana zaidi, walipiga hesabu zao vizuri kabisa.

Mfano mzuri ni akina Allatini. Familia ya Kiyahudi, asili yao Livorno kule Italia, walifika wakiwa wafanyabiashara. Moise Allatini alisomea udaktari, alafu akajikuta anaendesha biashara ya ukoo. Kinu chao cha unga kilianza katikati ya karne ya 19, kinatumia mvuke, mwaka 1898 kikaungua, wakakijenga upya kikubwa zaidi cha ghorofa kadhaa, ramani ya msanifu Mwitaliano Vitaliano Poselli, na kikawa kati ya vinu vikubwa kabisa upande ule wa dunia. Jengo lake lipo mpaka leo ufukweni upande wa mashariki. Wakawa na kiwanda cha matofali na vigae, maana mji unajengwa na kila mtu anataka matofali. Wakawa kwenye biashara ya tumbaku. Na mwaka 1888 wakashirikiana na wenye pesa wa Vienna na Paris kuanzisha Benki ya Salonika. Angalia hapo mnyororo: nafaka inakupa unga, unga unakupa pesa, pesa inakuwa benki, na benki inamkopesha jirani anayetaka kufungua kiwanda chake. (Jumba lao la kifahari ndo lile alilofungiwa Sultani Abdul Hamid II baada ya kupinduliwa mwaka 1909, akakaa humo mpaka 1912. Sultani mfungwa ndani ya nyumba ya msaga unga, duniani kuna mambo.)

Nyuzi za pamba zilikuwa na kisa chao. Mjini kulikuwa na vinu vya akina Saias na Torres, vinatumia makaa ya mawe, na makaa yanatoka Uingereza kwa meli, kwa hiyo ni ghali. Huku Naousa na Edessa, miji midogo iliyo mlimani magharibi, kuna maporomoko ya maji, nguvu ya bure hailipiwi nauli, basi wafanyabiashara Wagiriki wakafungua vinu vyao huko, cha kwanza Naousa miaka ya 1870, na Edessa baadaye. Huko na mishahara ilikuwa chini zaidi, wafanyakazi wengi wasichana, kiangazi saa za kazi zinafika 15 kwa siku kwa sababu wanafuata mwanga wa jua. Wenye vinu wa mjini walikuwa wanalalamika, tunafunga Jumamosi, tunalipa zaidi, na makaa juu, tutashindana vipi na maji?

Wasichana hao ndo mkono mkubwa wa viwanda vyote, na hawaonekani kwenye picha za ufunguzi. Tumbaku hasa. Tumbaku ya Makedonia, eneo linalouzunguka mji huu, ina jani dogo lenye harufu, kampuni za sigara za Ulaya na Marekani ziliitaka kwa kuchanganyia, na kabla haijasafirishwa lazima ichambuliwe jani moja moja kwa ubora wake, ipangwe, ifungwe marobota. Kazi ya vidole hiyo, hakuna mashine. Sehemu kubwa ilifanywa na wasichana, wengi wao wa familia maskini za Kiyahudi, wanaanza wadogo sana wanaacha wakiolewa, na pesa yenyewe mara nyingi ndo inayowekwa kwa ajili ya mahari, maana kwao binti ndo anayepeleka mahari kwa mume. Mwenye ghala analijua hilo, kwamba huyu hatakaa miaka 20 adai nyongeza, na anamlipa kwa kulijua hilo.

Na wanaume bandarini ni mahamali. Neno hilo tunalo sisi na wao walikuwa nalo hivohivo, hamal, limetoka kwenye Kiarabu likapitia Kituruki kwao na likaja kwetu kwa bahari. Walikuwa kwenye vyama vyao vya kazi, nafasi inarithiwa baba kwa mwana, na huwezi kuja tu na mgongo wako ukabeba.

Nisije nikaonekana nauchora kama pepo. Reli iliyoshusha ngano ndo iliyopandisha kitambaa cha nje vijijini na kuwaua wafumaji wengi wa mkono. Bandari ilikuwa inaingiza kuliko inavyotoa, na sehemu ya pengo ilizibwa na pesa walizotuma wanakijiji waliokwenda kufanya vibarua Marekani, hasa baada ya uasi wa 1903 wa Wamakedonia dhidi ya Waturuki. Mwaka huohuo, mwezi Aprili, kikundi cha vijana kilichoitwa Wapiga Makasia kiliilipua meli ya Kifaransa Guadalquivir, Benki ya Ottoman hapo mjini nayo ikalipuliwa, na bomba la gesi likaharibiwa mji ukaingia gizani. Kwa nini benki na meli na gesi? Kwa sababu vilikuwa mali ya wageni wa Ulaya na walitaka Ulaya isikie. Hata mabomu yalifuata ramani ya uwekezaji.

Julai 1908 Vijana wa Kituruki, kundi la maofisa wa jeshi na wasomi waliompinga Sultani, wakafanya mapinduzi yao, na makao yao makubwa yalikuwa hapohapo Thessaloniki. Katiba ikarudishwa, watu wakakumbatiana barabarani, imamu na rabi na padri, na wiki chache tu baadaye kila mtu akagoma. Tumbaku wamegoma, reli wamegoma, tramu wamegoma, bia wamegoma. Mwaka 1909 Avraam Benaroya, Myahudi kutoka Bulgaria, na wenzake wakaanzisha Shirikisho la Wafanyakazi la Kisoshalisti, na gazeti lao likatoka kwa lugha nne: Kihispania cha Wayahudi, Kituruki, Kigiriki na Kibulgaria. Ndo hali halisi ya karakana ya pale, ukitaka kuwaambia watu wagome lazima uwaambie mara nne.

Kuna kisa kimoja cha 1908 nakipenda. Oktoba Austria ikainyakua rasmi Bosnia, ambayo kwa jina ilikuwa bado ya Sultani. Mahamali wa bandari za Ottoman wakagoma kushusha bidhaa za Austria, meli zinarudi na mizigo yake. Sasa bidhaa maarufu ya Austria ilikuwa nini? Tarbushi! Ile kofia nyekundu ambayo dunia nzima inaijua kama alama ya Mturuki ilikuwa inatengenezwa kwa wingi viwandani kule Bohemia, chini ya Austria. Watu wakazivua, wengine wakazichana hadharani, wakavaa kofia nyeupe za sufu. Mgomo ukaendelea mpaka Februari 1909 Austria ikakubali kulipa fidia lira za Ottoman milioni 2.5. Mahamali wameitoa Austria pesa, fikiria. Na kwenye kisa hicho unaona ushuru wa asilimia 8 na matokeo yake: nchi imeshindwa kujitengenezea hata kofia yake.

Mambo yakaanza kubomoka kabla hata Wagiriki hawajafika. Septemba 1911 Italia ikaivamia Libya, iliyokuwa ya Ottoman, na Waitaliano wakafukuzwa kwenye dola, na wengi wa matajiri wakubwa wa Kiyahudi wa Thessaloniki, akina Allatini wakiwemo, walikuwa na uraia wa Italia. Kwa miaka mingi uraia huo ulikuwa ngao yao kwenye kodi na mahakama. Safari hii ndo ukawa sababu ya kuondoka.

Alafu Vita vya Balkani, Ugiriki, Serbia, Bulgaria na wenzao dhidi ya Ottoman. Jeshi la Ugiriki likaingia mjini mwaka 1912, tarehe 26 Oktoba kwa kalenda yao ya zamani, sikukuu ya Mtakatifu Demetrio mlinzi wa mji. Serikali mpya ikahesabu watu mwaka 1913: Wayahudi 61,439, Waislamu 45,867, Wagiriki 39,956, Wabulgaria 6,263 na wengine 4,364. Yaani Ugiriki imeuchukua mji ambao Wagiriki ni wa tatu.

Ila pigo la kiuchumi halikuwa bendera. Pigo lilikuwa mkataba wa Bucharest, Agosti 1913, uliochora mipaka. Skopje na Monastir zikaenda Serbia. Upande wa mashariki Bulgaria ikapewa kipande cha pwani katikati ya njia ya reli ya Istanbul. Reli zote tatu zile sasa zinagonga mpaka baada ya mwendo mfupi tu. Na kuelekea kusini, Athens, makao makuu ya nchi yao mpya? Hakuna reli. Reli za Ugiriki na za Ottoman hazikuwahi kuunganishwa kwa sababu hakuna aliyetaka kumjengea adui njia, na kipande cha kuunganisha kilikamilika mwaka 1916. Kwa miaka karibu minne mji wa pili wa nchi ulikuwa haufikiki kwa treni kutoka mji wa kwanza. Mwenye ghala wa Thessaloniki aliyekuwa anamuuzia mteja wa Skopje sasa anauza nje ya nchi, kwa ushuru, kwa pesa tofauti, kwa serikali ambayo ingependa mteja wake anunue kwingine.

Wafanyabiashara, hasa Wayahudi, waliliona mapema. Ndo maana 1912 na 1913 kulikuwa na kampeni ya kutaka mji uwe huru chini ya mataifa, usiwe wa mtu. Wapo waliowaita wasaliti, mimi naona walikuwa wanatetea bara lao tu. Ugiriki ikajibu kwa sheria ya eneo huru la bandari mwaka 1914, mzigo unaweza kuingia na kutoka bila kulipa ushuru wa Ugiriki, pamoja na makubaliano ya kuipa Serbia kipande chake bandarini. Wazo zuri, ila vita vikalichelewesha, na eneo huru likaanza kazi mwaka 1925. Serbia wakati huo ishakuwa sehemu ya nchi kubwa zaidi yenye pwani yake ya Adriatiki. Umefungua mlango mgeni keshapita kwa jirani.

Oktoba 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wakashuka askari wa Ufaransa na Uingereza, wakafuatwa na Waserbia, Waitaliano, Warusi, na watu wa makoloni, Wasenegali na Wavietnamu wamo. Ikawa neema ya ghafla, kila mwenye duka, mkahawa, chumba au punda alipata chake, na bei zikapanda mpaka maskini akakoma. Kiwanda hakijengwi kwa pesa ya namna hii, unajua kabisa mteja wako ataondoka siku moja.

Na hapo ndo moto. Jumamosi tarehe 18 Agosti 1917, mchana, kwenye nyumba moja ya wakimbizi upande wa juu wa mji, cheche ya jikoni. Upepo wa Vardar unavuma, maji hayatoshi kwa sababu makambi ya majeshi nayo yanayavuta, na mji hauna kikosi cha zimamoto cha maana. Ukawaka saa 32. Nyumba 9,500 zikaisha, watu zaidi ya 70,000 hawana paa, wengi wao Wayahudi, na maduka zaidi ya 4,000. Ila angalia ramani: viwanda vikubwa vilikuwa pembeni, magharibi karibu na stesheni na mashariki kwa akina Allatini, na moto ulikula kati. Kilichoungua ni maduka na maofisi, na vyumba juu ya maduka ambamo mahamali na wachambua tumbaku walikuwa wanaishi. Mashine zilibaki, watu ndo wakakosa pa kulala karibu na kazi.

Waziri Mkuu Venizelos akakataza watu kujijengea upya pale walipokuwa. Likaundwa jopo, kiongozi wake Mfaransa Ernest Hébrard, wakachora mji mpya wa barabara nyoofu na uwanja mkubwa unaoshuka mpaka baharini. Uzuri wake sibishi, nenda hata kwenye picha uangalie. Swali ni ardhi. Serikali ilitwaa viwanja vyote vya sehemu iliyoungua, kila mwenyewe akapewa hati ya thamani yake, kiwanja kipya anakwenda kukigombea mnadani kwa hati hiyo. Mwenye kibanda cha chumba kimoja hati yake haifiki popote mnadani, ana njaa leo, anamuuzia mwenye pesa kwa bei ya hasara, na mwenye pesa anakusanya hati za watu ishirini anachukua kiwanja cha kona. Maskini waliohamishiwa kwenye vitongoji vya mabati pembeni hawakurudi kati tena. Kwa hiyo unapoona yale majengo mazuri ya biashara ya miaka ya 1920, soko la Modiano likiwa mojawapo, ukumbuke chini yake kuna karatasi zilizouzwa.

Moto ulipoanza kusahaulika likaja kubwa kuliko yote. Ugiriki ikashindwa vita Asia Ndogo, upande wa Uturuki, mwaka 1922, na makubaliano ya Lausanne ya Januari 1923 yakaamua wabadilishane watu kwa dini, Waislamu wa Ugiriki waende Uturuki, Wakristo wa Orthodoksi wa Uturuki waje Ugiriki. Waislamu wa Thessaloniki wakaondoka, na wale dönme wa Hamdi Bey nao, maana kwenye karatasi ni Waislamu, ikawa bahati yao ijapokuwa hakuna aliyejua wakati huo kwamba mwaka 1943 Wanazi wangewachukua Wayahudi wa mji kwenda kuwaua. Wakaja wakimbizi, zaidi ya laki 1 wakabaki mjini, Kalamaria, Toumba, Neapoli, vitongoji vizima vikaota ndani ya miaka michache.

Hapa ndo tarakimu zinapodanganya. Viwanda viliongezeka kweli miaka ya 1920: mazulia (kazi waliyokuja nayo wenyewe kutoka Anatolia), vitambaa, ngozi, vyakula, vifaa vya ujenzi. Vingi vilikuwa karakana za watu wachache. Vilikua kwa sababu wafanyakazi walikuwa wa bei rahisi kupita kiasi, wanawake wajane na mabinti wenye njaa wanakubali mshahara wowote, na kwa sababu sasa kulikuwa na ushuru wa Ugiriki unaozuia bidhaa za nje. Mteja hakuwa tena Skopje wala Kosovo, mteja alikuwa mkimbizi wa kitongoji cha pili, ambaye naye mfuko wake mtupu. Kiwanda cha 1905 kilikula mazao ya nusu ya Balkani, cha 1927 kilikula umaskini wa mtaa wake. Waliojaribu kulirudisha bara walikuwepo, mwaka 1926 yakaanza maonyesho ya kimataifa ya biashara, mwanzilishi wake Nikolaos Germanos, na maonyesho hayo yapo mpaka leo, kila Septemba wanasiasa wa Ugiriki wanakwenda kutoa ahadi zao pale.

Na Jumamosi? Mwaka 1924 sheria ya mapumziko ya Jumapili ikalazimishwa mjini. Mwenye duka Myahudi sasa anachagua, afunge siku mbili apate hasara au afungue siku ya sabato. Bandarini wakimbizi Wakristo wakawa wanaingia kwenye kazi za mahamali kidogo kidogo. Mwaka 1931 genge la wazalendo wenye siasa kali lilipochoma moto mtaa wa Campbell, mtaa wa Wayahudi maskini, wengi wao wahanga wa ule moto wa kwanza, watu wakaanza kufunga virago, wengine Ufaransa, wengine Palestina.

Waliokwenda Palestina walikuwemo mahamali. Waingereza walifungua bandari mpya ya Haifa mwaka 1933, viongozi wa wafanyakazi wa Kiyahudi wa kule wakawa wanatafuta watu wanaojua kushusha meli, wakaenda kuwachukua Thessaloniki, familia nzima nzima. Mwaka 1936 ilipoanzishwa bandari ya Tel Aviv, waliokuwa ndani ya maji kwenye matishari ni haohao, wanapiga kelele za kazi kwa Kihispania kilekile cha sokoni.